Ukurasa wa Sita

Jumamosi ile wazee watatu wa zimamoto walikuwa wanakuja kumjulia hali Sajini, na Sajini aliamka na amri. Alitaka shati la kazi, lile la bluu, ingawa alikuwa amestaafu miaka tisa. Alitaka ndevu zinyolewe mpaka kidevu king'ae. Alitaka kiti chake cha magurudumu kisogezwe kwenye meza, upande wa kushoto, ili wageni wasiuone ule mkono uliolala tangu alipopigwa na kiharusi. Mkwe wake alifanya yote bila kuambiwa mara mbili. Huyu mtaa mzima ulimwita Msusi, ingawa ilikuwa miezi kumi na minne sasa tangu aache kiti chake saluni abaki nyumbani kumtunza baba mkwe. Alimfunga vifungo, akarudi nyuma hatua mbili, akamkagua.

"Baba, wakikuona hivi watakurudisha kazini."

"Wathubutu. Gari watasukuma wao."

Wageni walifika saa nne, wakakaa, wakaanza kucheka kabla hata chai haijamiminwa. Walikumbushana moto wa ghala la mbao, na yule fundi cherehani mnene ambaye Sajini alimbeba mgongoni ghorofa nne kushuka, huku mwenyewe analia kwamba ameacha viatu. "Alinipiga makofi ya kichwa," Sajini alisema, ulimi wake ukiburuta kidogo, "akisema turudi." Mzee mmoja alicheka mpaka akafuta macho.

Hapo ndipo jirani alipoingia. Alikuwa muuza mapazia, mama mwenye moyo mweupe, ila hana kifua: jambo likimwingia lazima litoke. Alisalimia kila mtu kwa adabu, kisha akaweka mezani mfuko wa nailoni unaoonyesha kilichomo.

"Sajini, pole sana. Mimi sikujua kama mambo yamefika huko. Nimekuletea hizi, nepi za watu wazima. Mama yangu nilikuwa namnunulia hizihizi mpaka Mungu alipomchukua. Hazivuji."

Mzee mmoja aliinamia viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Mwingine alishika kikombe kitupu akanywa. Msusi alisimama mlangoni na birika mkononi, asijue aingie au arudi.

Sajini ndiye aliyeiokoa ile hali. "Asante, jirani," alisema taratibu. "Umefikiria. Karibu chai."

Akakaa na wageni wake nusu saa nzima zaidi, akawauliza habari za wajukuu mmoja mmoja kwa majina. Walipoondoka, aliomba alazwe, ageuziwe ukutani. Chakula cha mchana kilirudi jikoni kama kilivyokwenda.

*

Mwanawe, fundi umeme, alimkuta mkewe anaosha vikombe.

"Nani kamwambia yule mama?"

"Sijui."

"Humu ndani tuko wanne. Baba hawezi kujitangaza. Mimi sijasema. Dada yangu siku nzima yuko ofisini. Nani anabaki?"

Msusi aliweka kikombe chini. "Mimi ndiye ninayefua zile shuka. Mwaka na zaidi. Ningekuwa na hamu ya kusema, ningesimulia siku ile ya kwanza, nilipokuwa na kichefuchefu na sina wa kumwambia, hata wewe."

"Nimeuliza tu."

"Hukuuliza. Umehukumu."

Dada yake Fundi alikuwa amesimama kwenye korido, anasikia. Baba yao alimwita Injinia tangu alipokuwa na miaka saba na kuifungua redio ya nyumbani asiweze kuirudisha. Sasa alitengeneza programu za kompyuta katika ofisi ya huduma za jamii, na fomu ambayo watu waliijaza mtandaoni kuomba mhudumu wa nyumbani ilikuwa kazi ya mikono yake. Kanuni za ofisi zilimkataza kumjazia ndugu yake, kwa hiyo Msusi ndiye aliyekwenda maktaba ya mtaa siku ya Jumatano kumwombea mzee mhudumu. Wakipewa, Msusi angeweza kurudi saluni angalau asubuhi.

"Acha kwanza, kaka," Injinia alisema. "Nitamuuliza mwenyewe."

Muuza mapazia alimpokea kwa furaha, maana hakujua kama ameharibu. "Si niliona kwenye fomu, mwanangu. Alhamisi nilikwenda maktaba kumjazia shangazi yangu. Nafungua, nakuta imeshajazwa. Jina, anwani, kila kitu. Nikasema, hawa watu wa ofisi wana akili, wametuwekea mfano wa kufuata."

"Mfano?"

"Ndiyo. Nikasoma ili nijue wanataka majibu ya namna gani. Nimefika ukurasa wa sita, pale penye mambo ya kuoga na kwenda haja, ndipo nikatazama tena jina. Nikasema, ala, huyu si Sajini wetu?" Akapunguza sauti. "Nilifuta, nikaandika ya shangazi. Nimekosea?"

"Hapana, mama. Hukukosea wewe."

Injinia alirudi nyumbani polepole. Alijua sasa. Miezi minane nyuma, fomu ile haikuwa ikitunza chochote. Mtandao ukikatika ukurasa wa nane, mtu anaanza upya, na yeye mwenyewe alimwona mwanamke akilia mbele ya karani kwa sababu hiyo. Ndipo akaamua kila jibu lihifadhiwe papo hapo ndani ya kivinjari cha kompyuta inayotumika, ile programu ya kufungulia mtandao, katika ile hifadhi ya kudumu, ambayo hata ukifunga dirisha na kuzima mashine, kesho unakuta mambo yako palepale. Alisifiwa. Alikuwa ameijaribu mara mia, na kila mara kwenye kompyuta yake, ambayo haikuguswa na mtu mwingine. Msusi alipoambiwa na maktaba kwamba saa yake imekwisha, akiwa ndiyo kwanza amemaliza ukurasa wa sita, alifunga dirisha na kuondoka akiamini amefunga mlango. Kumbe aliyoyaandika yalibaki pale yakimngoja yeyote atakayekaa kwenye kiti kile.

*

Aliwakuta kaka na wifi yake jikoni bado, kila mmoja na upande wake.

"Aliyemwambia ni mimi," Injinia alisema.

Akawaeleza. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mkewe. Msusi alivua aproni, akaitundika.

"Nenda kamwambie baba," alisema. "Usimwache alale akidhani ni mimi."

Sajini alikuwa bado ameelekea ukutani. Injinia alivuta kigoda, akaongea na mgongo wake. Hakupunguza neno. Alipomaliza, mzee akasema, "Nigeuze."

Alimgeuza. Macho ya mzee yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Wewe ndiye uliyechagua yakae pale?"

"Ndiyo, baba."

"Ili watu wasipoteze walichoandika?"

"Ndiyo."

"Na wengine wangapi yamewapata haya?"

"Sijui. Kila mtu aliyejaza kwenye kompyuta ya watu wengi na hakuweza kumaliza. Maktaba, vituo vya afya. Hata sasa yapo, yamekaa tu."

"Sisi bomba likipasuka kazini," Sajini alisema, "aliyeliunganisha ndiye aliyeandika ripoti. Kabla hajaulizwa. Umeandika?"

"Bado. Nilitaka kwanza nije kwako."

"Kwangu umeshakuja. Nipe maji, halafu ukaandike."

*

Jumatatu asubuhi mkuu wake wa kazi aliisoma ripoti akiwa amesimama. Aliisoma tena akiwa amekaa.

"Kuna mtu yeyote amelalamika?"

"Hapana."

"Basi kwa nini umeweka jina lako juu kabisa? Tungerekebisha kimyakimya."

"Kuna watu mambo yao yamesomwa, mkuu. Hawajui. Ninaomba fomu ifungwe leo, na maktaba na vituo vya afya vipelekewe barua."

Mkuu aliiweka ripoti mezani. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu mwenye mkuu wake pia. "Nifunge fomu inayosifiwa."

"Saa chache tu."

Mwenzake wa meza ya jirani aliona jambo lenyewe ni dogo. "Ni neno moja la kubadilisha. Toa hifadhi ya kudumu, weka ile ya muda. Mtu akifunga dirisha, kila kitu kinakufa. Mchana tumeshamaliza."

Na kweli, mpaka saa saba walikuwa wamemaliza. Injinia aliongeza agizo moja: kompyuta yoyote itakayofungua fomu hiyo tena, ianze kwa kufuta mabaki yote ya zamani. Barua zikaenda. Mchana huohuo naye akakabidhiwa yake: onyo la maandishi, nakala kwenye faili. Aliisoma, akatia sahihi palipohitajika, akarudi kwenye meza yake. Usiku ule alikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Jumanne jioni aliwaambia nyumbani kwamba tatizo limekwisha.

"Limekwisha kwa nani?" Sajini aliuliza. "Nani amejaribu?"

"Mimi na mwenzangu."

"Nyie mna mikono miwili kila mmoja, na macho ya vijana. Kesho nipelekeni maktaba."

"Baba," Msusi alisema, "watu watakuwepo."

"Wameshajua, mwanangu. Nijifiche nini tena?"

*

Maktaba ilikuwa na ngazi tano na haikuwa na njia ya kiti. Mlinzi na mkutubi walitoka kusaidia, wakamshika kila mtu anavyojua.

"Siyo hivyo," Sajini alisema. "Wewe pita nyuma, shika vishikio. Wewe chini, kwenye fremu, siyo kwenye gurudumu. Pindeni magoti. Mgongo ni wa kwako, utauhitaji kesho." Wakampandisha kwa amri zake, na mlinzi akajikuta anasema, "Ndiyo, afande," bila kujua ameambukizwa lini.

Aliketi mbele ya kompyuta, Injinia nyuma yake, Msusi pembeni. Akaandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Jina lilichukua dakika mbili. Kijana aliyekuwa kwenye mashine ya pili alimtazama, akamhurumia, akataka kusaidia. Msusi akamtikisia kichwa. Dakika hamsini zilipita na mzee alikuwa ukurasa wa nne, jasho limemtoka kipaji cha uso. Alipotaka kupumzisha mkono, ukaangukia kipanya, mshale ukarukia pembeni ya juu, ukasikika mlio mdogo wa kubonyeza. Dirisha likafungwa.

"Limekwenda wapi?"

Injinia alilifungua upya. Ukurasa wa kwanza, mweupe.

"Yamepotea, baba."

"Yote?"

"Yote."

Sajini aliutazama ule weupe. "Kwa hiyo zamani ilimpa kila mtu mambo yangu," alisema polepole, "na sasa hainipi hata mimi."

Hakusema kwa hasira, na labda ndiyo maana maneno yale yalimwingia bintiye mpaka kwenye mifupa. Jumatatu alikuwa ameona aibu. Leo aliona kazi. Aliomba ruhusa ofisini, akachukua daftari, na kwa siku mbili alikaa kwenye benchi la maktaba akitazama watu wanavyojaza fomu yake. Hakuwasahihisha. Aliandika tu.

Aliandika habari za mpishi aliyefika ukurasa wa tano, akapigiwa simu na kazini, akaondoka mbio akiwa amefunga kila kitu. Aliandika habari za baba aliyekwenda nyumbani kuchukua namba ya kadi ya hospitali, akarudi na kumkuta mwingine kwenye kiti. Na kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye simu nzuri mkononi, aliyengoja foleni ya kompyuta saa nzima.

"Dada, mbona usijazie kwenye simu yako?" Injinia alimuuliza.

"Simu siyo yangu peke yangu. Mume wangu huishika, na watoto huishika." Akasita. "Kuna mambo nataka ofisi iyajue kabla ya yeye."

Injinia aliandika hilo pia, akalipigia mstari chini mara mbili. Alikuwa amehangaika kuchagua hifadhi moja itakayomfaa kila mtu, kana kwamba yeye ndiye anayejua kila kifaa kinakaa katika nyumba ya namna gani. Aliyejua ni mwenye kushika kifaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jumatatu iliyofuata alirudi ofisini na karatasi moja. Ukurasa wa kwanza kabisa wa fomu uwe na swali: *Je, kifaa hiki unakitumia wewe peke yako?* Akisema ndiyo, majibu yatunzwe ndani ya kifaa mpaka fomu itumwe, kisha yafutwe. Akisema hapana, kivinjari kisibakize neno dirisha likifungwa. Badala yake kila ukurasa unaokamilika upelekwe kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisi, na kufungiwa huko, na mtu apewe namba yake ya kuendelea na achague neno lake la siri. Kwa namba na neno hilo ataifungua popote, hata kesho, hata kwenye mashine nyingine. Bila hivyo, hakuna atakayeona kitu.

"Swali moja zaidi," mwenzake alisema. "Watu watachoka."

"Wamechoka kuanza upya."

Mkuu wa kazi alisoma daftari lote, mpaka neno la mwisho, lile la mume na simu. Alipofika hapo alilifunga. "Fanyeni," alisema. "Na safari hii mkajaribie kwa watu, kabla ya kuniletea."

*

Nyumbani, Fundi hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alianza kuamka alfajiri na kumwogesha baba yake mwenyewe. Alifua shuka, akazianika vibaya. Siku ya nne Msusi alimkuta uani na ndoo.

"Asante kwa shuka," alisema. "Sasa sema."

"Niseme nini? Si unaona ninavyofanya."

"Naona. Ila ulichonitendea ulikitenda kwa mdomo."

Fundi aliweka ndoo chini. Alitazama huku na huku, kisha akasema, kwa sauti ambayo majirani wawili waliisikia vizuri, kwamba alimdhania mke wake ubaya ambao hakuutenda, na kwamba anamwomba radhi. Msusi aliitika, akachukua shuka moja kutoka kwenye kamba, akaianika upya inavyotakiwa.

*

Wiki mbili baadaye Sajini alipandishwa tena zile ngazi tano. Kwenye swali la kwanza alibonyeza *hapana*, akachagua neno lake la siri, akawaambia wanawake wote wawili watazame kando wakati analiandika. Alipofika ukurasa wa sita alipunguza mwendo. *Je, unaoga mwenyewe? Je, unahitaji msaada kwenda haja?* Alisoma kila swali kwa midomo bila sauti, akajibu ukweli, akasonga mbele. Msusi alimwekea mkono begani na kuuacha hapo.

Ukurasa wa tisa, wa mwisho, ulikuwa na kisanduku kikubwa: *Eleza kwa maneno yako nani anakuhudumia sasa.* Alikuwa bado anatafuta herufi ya kwanza mkutubi alipokuja. "Samahani, mzee. Saa yako imekwisha, na kuna wanaongoja."

"Haki yao," Sajini alisema.

Msusi alinakili namba kwenye karatasi. Sajini akafunga dirisha kwa mkono wake mwenyewe, safari hii kwa kukusudia.

Walirudi kesho yake asubuhi. Mashine ya jana ilikuwa na mtu. Wakapewa nyingine, kule dirishani. Sajini aliandika namba, kisha neno lake. Kurasa nane zikarudi, kila jibu mahali pake, na kile kisanduku kikubwa kikiwa kitupu.

"Ipo," alisema. Akamgeukia bintiye. "Ipo yote, Injinia."

Injinia aliinama, akazihesabu kurasa kwa kidole.

"Sasa nendeni mkasome magazeti. Hapa ninataka kuwa peke yangu."

Waliondoka. Sajini aliandika kwa dakika thelathini na tano, herufi moja moja, akikosea na kufuta. Aliandika hivi: *Ananihudumia mke wa mwanangu. Ananiosha na kunivisha, na siku zangu mbaya huzijua kabla sijasema. Hajanifanya nione aibu hata mara moja. Siombi mhudumu kwa kuwa amenichoka. Naomba kwa kuwa ana kazi yake, anaipenda, na mimi nataka kumwona akienda.*

Aliyasoma tena, akaongeza nukta aliyoisahau, akabonyeza *tuma*. Kioo kikaandika kwamba ombi limepokelewa, kisha kikawa cheupe.

Msusi alirudi kuchukua kiti. "Umeandika nini muda wote huo, baba?"

"Wameuliza swali, nimejibu."

Nyuma yao alikuwa amesimama mwanamume mwenye bahasha ya hospitali kwapani, akisita kukaribia. "Samahani, mzee. Mashine hii umemaliza nayo?"

Sajini alitazama kioo mara moja zaidi, kwa makini, kutoka juu mpaka chini.

"Nimemaliza," alisema. "Kaa, ni safi."